Nikitaja SIDA, wanawasha pikipiki

SWALI
Mama Muuguzi, jambo sana. Mimi ni motari, nabeba abiria kwa pikipiki, naegesha chini ya soko la Kadutu. Kituo cha afya kilinichagua nifundishe wenzangu kujikinga na SIDA. Nikisema ugonjwa huu unaua, wengine wanacheka, wengine wanawasha pikipiki wanakwenda. Nifanyeje?
Motari, Bukavu

JIBU
Mwanangu, asante kwa kazi hiyo. Habari za kifo ziache. Wenzako wanakiona barabarani kila wiki.

Zamani nilikuwa natembea na picha ya mgonjwa aliyebaki mifupa. Siku moja hapo hapo Kadutu, muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, niliyejua anameza dawa zake kila jioni, mwenye nguvu kuliko mimi, alijitwika beseni lake akaondoka kimya. Hakurudi tena. Picha ile niliichana, lakini moyo bado unaniuma. Kwa hiyo anza na hili: anayemeza dawa vizuri mpaka kipimo cha damu kisione tena virusi, hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Huenda hapo penye pikipiki kuna mtu analisubiri neno hilo.

Halafu chukua kondomu mbili, zipulize kama puto, zifunge. Moja iache kavu. Nyingine ipake mafuta ya mtoto, yale ya ngozi, uisugue kwa kidole huku unaongea. Itapasuka mkononi mwako. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, kijana mmoja alitoka nyuma kabisa akaja mbele: "Mama, kumbe ni mafuta!" Miezi yote alidhani kondomu za bure ni mbovu. Waambie mafuta yote yanaharibu mpira, mawese pia. Kilainishi cha maji hakina shida.

Hapo watakuuliza: na ikipasuka usiku? Jibu hili lijue kwa kichwa. Kuna dawa za kuzuia virusi visishike mwilini. Zianzwe haraka iwezekanavyo, kabla saa 72 hazijapita, zimezwe siku 28 bila kuruka hata moja. Aliyebakwa anazihitaji hizo hizo, na asiulizwe alikuwa amevaa nini.

Kabla ya kikao kijacho, pita kituoni uulize dawa hizo zinatolewa mlango gani, na nani yuko zamu Jumapili. Wewe ni motari. Mtu akikupungia mkono saa nane za usiku, ujue pa kumfikisha.