Jibu: Chembe isiyoonekana inatafutwaje?
Mkuu, umeuliza watainasaje chembe ya jamii ya aksioni (chembe za kudhaniwa tu, ambazo bado hazijathibitishwa) ilhali haionekani. Wanasayansi hawainasi yenyewe, wanavizia fotoni (chembe za mwanga) mbili inazozaa ikivunjika. Kule LHC, mtambo wa kugonganisha chembe ulio mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, viini vya atomi za madini ya risasi hupishana karibu kabisa bila kugusana. Kila kiini kina protoni 82, kwa hiyo uga wake wa umeme ni mkali ajabu, na kikienda kasi uga huo huwa kama wingu la fotoni. Fotoni za kiini kimoja hugonga za kingine, zikatawanyika. Mwaka 2019 ATLAS, moja ya timu za watafiti wa LHC, walitangaza matukio 59 yanayoonekana hivyo, huku takriban 12 yakikadiriwa kuwa ya kupotosha tu, yaani yametokana na mambo mengine. Chembe ya jamii ya aksioni ingekuwepo, fotoni zikigongana zingeweza kuizaa, nayo ikivunjika kuwa fotoni mbili matukio yangerundikana kwenye nishati inayolingana na masi yake. Mrundikano huo hawakuuona. Ila usiizike bado, huenda inagusana na fotoni kwa udhaifu mno.