Maumivu ya Siatika Yakiisha, Ganzi Ikabaki Mguuni

Maumivu ya siatika, yaani yale yanayoshuka mguuni kutokana na neva iliyobanwa kiunoni, yanapokuwa makali, mtu huwaza jambo moja tu, nalo ni lini yataisha. Yakishaisha, ndipo wengi hugundua kwamba sehemu ya mguu imebaki na ganzi, na kwamba hakuna aliyewaeleza la kufanya. Mimi ni mmoja wao: mchomo uliokuwa ukishuka kutoka kwenye kalio hadi kisiginoni uliondoka kabisa, lakini ukingo wa nje wa unyayo wa kushoto, pamoja na vidole viwili vya mwisho, ulibaki umekufa ganzi, kiasi kwamba kandambili iliweza kunivuka nikaendelea kutembea bila habari mpaka nitazame chini. Nimeishi na hali hiyo muda wa kutosha kujua kinachosaidia na kisichosaidia, na ningependa anayeipitia sasa asihangaike peke yake na maswali yaliyonihangaisha.

Ganzi huchelewa kuondoka kwa sababu chanzo chake si kilekile cha maumivu. Diski iliyo kati ya pingili za kiuno inapochomoza, hugandamiza mzizi wa neva na pia huamsha uvimbe kuuzunguka mzizi huo, na uvimbe huo huchangia sehemu kubwa ya maumivu. Uvimbe hupoa, na diski yenyewe mara nyingi husinyaa baada ya wiki au miezi kadhaa bila upasuaji, kwa hiyo maumivu hutangulia kuondoka. Nyuzi za neva zilizoumia hufuata mwendo mwingine. Iwapo kilichoharibika ni utando unaozifunika tu, hisia zinaweza kurejea baada ya wiki au miezi michache. Iwapo nyuzi zenyewe zimekatika, hulazimika kuota upya kwa kasi ya takriban milimita 1 kwa siku, yaani kama sentimita 3 kwa mwezi, na kutoka kiunoni hadi vidoleni kwa mtu mzima ni karibu mita 1. Ukipiga hesabu hiyo utaelewa kwa nini anayebonyeza vidole kila asubuhi kuona kama vimepona hujivunja moyo bure, na kwa nini daktari mwangalifu huzungumzia miezi, wakati mwingine mwaka na zaidi. Wapo pia wanaobaki na kipande kidogo chenye ganzi maisha yao yote, huku wakitembea na kufanya kazi zao bila taabu.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kutenganisha ganzi na udhaifu. Mzizi ambao madaktari huuita L5 ukibanwa, ganzi hukaa zaidi upande wa juu wa wayo na kwenye kidole gumba, na mtu anaweza kushindwa kuinua sehemu ya mbele ya wayo ili atembee kwa visigino. Ukibanwa mzizi wa S1, kama ilivyokuwa kwangu, ganzi hukaa ukingo wa nje na kisiginoni, na kinachodhoofika ni uwezo wa kusimama kwa ncha za vidole kwa mguu mmoja. Shika ukuta, jaribu vyote viwili kwa kila mguu, kisha linganisha. Ganzi isiyoongezeka, mguu ukiwa na nguvu zake, inaweza kusubiriwa kwa utulivu. Mguu unaozidi kulegea, au unaoburuta vidole wakati wa kutembea, unahitaji daktari mapema, hata kama hauumi hata kidogo.

Kuna dalili nyingine ambazo hazisubiri hata kesho. Ganzi ikihamia sehemu za siri, kwenye njia ya haja kubwa au upande wa ndani wa mapaja, mkojo ukikataa kutoka au ukitoka bila kujijua, haja kubwa ikikushinda kuizuia, au miguu yote miwili ikilegea kwa pamoja, nenda hospitali saa hiyohiyo. Huenda neva za mwisho wa uti wa mgongo zimebanwa zote, na kuchelewa kunaweza kuacha ulemavu wa kudumu.

Katika maisha ya kila siku, mguu wenye ganzi unahitaji kulindwa kwa macho na mikono, kwa kuwa ngozi yake haitoi taarifa. Kabla ya kuvaa kiatu, ingiza mkono ndani upapase, kwani kijiwe kidogo kinaweza kukuchubua kutwa nzima usijue. Maji ya moto yapime kwa kiwiko wala si kwa mguu huo, na chupa ya maji ya moto usiiweke karibu nao kitandani. Jioni, kagua unyayo na katikati ya vidole, kwa kioo ikiwa kuinama kunakuumiza. Mwenye kisukari anapaswa kuwa mkali zaidi katika hili, na yeye hasa asichukulie kwamba ganzi yote imetoka kiunoni, kwa kuwa kisukari chenyewe huharibu neva za miguu, kama ufanyavyo upungufu wa vitamini B12. Kipimo cha damu husaidia kupunguza shaka hiyo. Kumeza vidonge vya vitamini bila kupima ni kubahatisha. Kuhusu kuendesha gari, msimamo wangu ni thabiti: ikiwa unyayo hautambui umekanyaga breki kwa nguvu kiasi gani, usiendeshe mpaka daktari akuruhusu.

Dawa kama gabapentini na pregabalini hutolewa kwa maumivu ya neva, lakini hazirudishi hisia zilizopotea. Kilichonifaa zaidi ni kutembea kila siku, kuepuka kukaa kitako muda mrefu bila kuinuka, na mazoezi ya kusawazisha mwili niliyofundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia: kusimama kwa mguu wenye ganzi karibu na meza, vidole vya mkono vikiigusa kidogo tu, mpaka kifundo cha mguu kijifunze upya kujituliza. Usikunje nne kwa muda mrefu, maana kuna neva nyingine inayopita pembeni chini kidogo ya goti, nayo ikigandamizwa huongeza ganzi juu ya ganzi. Hisia za kuchomachoma na kutekenywa zikianza mahali palipokuwa kimya, usishtuke mara moja, kwani mara nyingi ni neva inayoamka. Zikija pamoja na maumivu mapya ya kushuka mguuni, hapo pana sababu ya kurudi kwa daktari.

Ili kujua kama unapona, pitisha kipande cha pamba taratibu kutoka eneo lenye ganzi kuelekea ngozi yenye hisia, weka alama kwa kalamu pale unapoanza kuisikia vizuri, zunguka eneo lote hivyo, kisha upige picha kwa simu. Mara moja kwa mwezi inatosha. Picha hizo zinamweleza daktari mengi kuliko maneno kama “nafuu kidogo”, na mpaka wa eneo lenye ganzi usiposogea kwa miezi mingi, au ukipanuka, zinakupa msingi wa kumuuliza kama wakati umefika wa kupiga picha ya MRI ya kiuno au kupima mwendo wa umeme kwenye neva.