Barua kwa mwanangu: "Umeliona?"

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma nikicheka. Unauliza: "Mama, mashimo meusi yapo kweli au ni hesabu tu? Mbona Hawking mwenyewe alisema hayapo?" Baba yako angekuonya kwamba ukinigusa hapo sinyamazi, lakini umeshauliza.

Habari ya Hawking, yule mwanafizikia Mwingereza, niimalize upesi. Mwaka 2014 aliandika kwamba huenda ule mpaka unaolizunguka shimo jeusi, ambao mwanga ukishauvuka haurudi milele, haupo. Kwamba uliopo ni mpaka wa muda, unaozuia kwa kipindi fulani kisha unaachia. Magazeti yakaandika kwa herufi kubwa kwamba hakuna mashimo meusi. Hakukana kuwa nyota kubwa hujiporomokea. Na ubishi hakuuanza siku hiyo: aliwahi kuweka dau na mwanafizikia mwenzake Kip Thorne kwamba kitu cha angani kiitwacho Cygnus X-1 si shimo jeusi, ingawa sehemu kubwa ya kazi yake ilisimama juu ya mashimo hayo hayo. Mwaka 1990 akakubali kuwa ameshindwa.

Ila swali lako limenirudisha kwenye ile semina. Unaijua kwa juu juu, kwa sababu kaka yako hupenda kuniigiza ninavyoisimulia, tena ananiigiza vibaya. Nilikuwa nimepewa zamu ya kueleza makala ya Oppenheimer na Snyder ya 1939: nyota kubwa ikishaishiwa nishati haina cha kuizuia isijiporomokee, mwanga wake unazidi kufifia, hadi inajitenga kabisa na sisi wa nje. Usiku sikulala, nilikuwa nafanya hesabu. Sijafika hata katikati ya ubao, mhadhiri akainua mkono. "Umeliona?" Nikanyamaza. "Hilo shimo, nauliza, wewe umeliona?" Darasa zima likacheka. Nikakaa chini na chaki mkononi.

Mpaka leo nikiosha vyombo hujikuta namjibu, na majibu yangu kila mwaka yanazidi kuwa makali.

Jibu la kwanza huwa la Chandrasekhar. Alikuwa kijana kutoka India aliyepiga hesabu kwamba nyota kibete nyeupe, yaani kiini kilichobaki cha nyota iliyoishiwa nishati, haiwezi kujishikilia ikizidi uzito wa Jua mara 1.4 hivi. Januari 1935 aliisoma kazi yake London, mbele ya wanaastronomia. Akasimama Eddington, mtu mkubwa kuliko wote ukumbini, akasema lazima iwepo sheria ya maumbile inayozuia nyota kufanya upuuzi kama huo. Watu wakacheka. Eddington hakuonyesha kosa lolote kwenye hesabu, alionyesha tu kwamba hazipendi. Chandrasekhar alipewa Nobeli mwaka 1983, na wakati huo Eddington alikwisha kufa zamani. Hata Einstein, mwaka ule ule wa 1939, alichapisha makala akijenga hoja kwamba vitu hivyo haviwezi kutokea. Unajua ninavyosema siku zote: ahadi ni deni, na dai nalo ni deni. Anayesema kitu kipo analipa, na anayesema hakiwezi kuwepo naye analipa. Eddington hakulipa.

Jibu la pili ni la vitu vilivyopimwa. Ukimwona mbuzi anazunguka mahali pamoja huhitaji kukiona kigingi ili ujue amefungwa. Katikati ya galaksi yetu kuna nyota iitwayo S2 inayozunguka mahali peusi kwa miaka 16 hivi. Ilipopita karibu mwaka 2018 ilikuwa inakimbia zaidi ya kilomita 7,000 kwa sekunde. Njia yake inadai kuwepo kitu chenye uzito wa Jua mara milioni 4, katika nafasi ndogo mno. Kisha Septemba 14, 2015, vifaa vya LIGO huko Marekani vikanasa mawimbi ya graviti, yaani mitetemo ya anga lenyewe, ya vitu viwili vilivyogongana na kuungana, kimoja mara 36 ya Jua, kingine 29, na uzito wa Jua mara 3 ukatoka kama mawimbi. Na Aprili 2019 ikatolewa ile picha ya katikati ya galaksi ya M87, pete ya mwanga yenye giza katikati. Niliitazama mpaka baba yako akauliza kama nimepata habari ya msiba. Nilikuwa nalia, ndiyo. Nilikuwa nasema, "Haya sasa, nimeliona."

Nimeliona? Hapo ndipo ninapogombana na nafsi yangu. Kilichopigwa picha ni gesi ya moto na kivuli. Mazur na Mottola walipendekeza mwaka 2001 kitu kingine, gravasta, kilichobanana karibu sawa na shimo jeusi lakini kisicho na ule mpaka. Nacho kwa mbali kingeweza kufanana nalo sana. Tena nadharia yenyewe ya Einstein kuhusu graviti inasema mtu wa nje hatakiona kamwe kitu kikiuvuka mpaka, na aliyevuka hawezi kuleta habari. Kwa hiyo "umeliona?" ni swali halali kabisa! Ndilo linaloniudhi: yule bwana aliuliza swali zuri ili tu watu wacheke. Au pengine alitaka kunipima? Hapana. Niliuona uso wake.

Angalia pia Kamati ya Nobeli ya 2020. Penrose ilimsifu kwa kuonyesha kwamba nadharia ya Einstein inaelekeza kwenye mashimo meusi, ikaliandika jina hilo waziwazi. Kwa Genzel na Ghez, waliofuatilia nyota kama S2 kwa miaka, ikaandika tu kwamba wamegundua "kitu kizito sana kilichobanana". Wale watu wanajua kuhesabu madeni.

Najua unataka neno moja. Ukinibana sana nitakwambia yapo, na wanasayansi wengi sana watakwambia hivyo. Kinachobishaniwa zaidi leo ni mpaka ule, na nini kinatokea ndani yake. Lakini usimwandikie kaka yako kwamba mama ameshahukumu. Kama vitu hivyo vina uso wowote badala ya mpaka mtupu, mgongano wao unatarajiwa kuacha mwangwi hafifu ndani ya mawimbi. Wapo wanaousaka, wapo waliodai wameusikia, na wenzao hawajaridhika. Deni hilo bado liko wazi.

Ukisikia mwangwi huo umepatikana kwa hakika, nipigie hata saa nane za usiku. Baba yako atalalamika, mwache alalamike.

Mama yako