Maswali ya Wasomaji: Filamu Uliyokwisha Kuiona Nyumbani

SWALI: Ndugu mjibu maswali, mwezi ujao ukumbi mmoja wa sinema utaonyesha "Seven Samurai" ya mwongozaji wa Kijapani Akira Kurosawa, ile ya wakulima wanaowaajiri samurai, yaani wapiganaji wa Japani ya kale, walinde kijiji chao dhidi ya majambazi. Nimeitazama nyumbani mara nne, na matukio yake nayajua kwa mpangilio. Mume wangu ananiuliza kwa nini nikakae kitini zaidi ya saa tatu kuangalia kitu kilichomo kabatini mwetu, nami sikupata jibu la kumpa. Je, kuna jambo jipya nitakaloliona?

JIBU: Lipo, dada yangu, wala si moja. Filamu hiyo ilitolewa mwaka 1954 kwa ajili ya ukumbi wa sinema, na Kurosawa pamoja na mpiga picha wake, Asakazu Nakai, waliipanga kila fremu, yaani kila picha moja ya mkanda, wakijua kwamba uso wa mwigizaji ungesimama mbele ya watazamaji ukiwa mrefu kuliko mlango wa nyumba. Kumbuka jinsi wakulima wanavyowekwa kwa makundi, mmoja nyuma ya mwingine, wa mbele akisema na wa nyuma akiogopa. Nyumbani jicho humfuata anayesema, kwa kuwa wa nyuma amekuwa mdogo kama punje. Ukumbini jicho linapata nafasi ya kutembea ndani ya picha, na hapo ndipo unapotambua kwamba hofu ya kijiji kizima imebebwa na nyuso za watu wasio na hata neno moja la kusema. Vita vya mwisho kwenye mvua navyo vilipigwa kwa kamera kadhaa kwa wakati mmoja, zikiwemo zenye lenzi ndefu za kuvuta karibu vitu vya mbali. Kwa hiyo farasi, matope na watu vimebanana pamoja kana kwamba hapana pa kukimbilia. Kwenye runinga nilikuwa nikiona vurugu tu, lakini kwenye skrini kubwa niliweza kumfuatilia kila mtu alikotoka na alikoangukia.

La pili, ambalo kwangu mimi ni zito zaidi, ni muda. Filamu ina dakika 207, na mapumziko yake ni sehemu ya filamu yenyewe. Katika nchi nyingi za nje ilionyeshwa kwanza ikiwa imekatwa, na sisi tunaoisimamisha nyumbani ili tupokee simu tunaikata kwa namna yetu. Sehemu kubwa ya saa zile ni maandalizi: kuwatafuta samurai mmoja mmoja, kuwafundisha wakulima kushika mikuki, kujenga uzio, kuvuna kabla adui hajafika. Anayeketi gizani bila kitufe cha kusimamisha picha analazimika kungoja pamoja na kijiji, na majambazi wanapojitokeza hatimaye, woga unaomshika umetokana na kungoja kwake mwenyewe.

Kisha wapo watu wengine ukumbini. Unamjua Kikuchiyo, aliyeigizwa na Toshiro Mifune, anavyochekesha. Unakijua pia kile kipande ambapo anawageukia samurai kwa hasira na kuwaambia kwamba ni kweli wakulima ni wajanja na waongo, lakini ni samurai waliowafanya wawe hivyo kwa kuwachomea vijiji na kuwapora. Mimi niliyajua maneno yale kwa moyo kabla sijayasikia ukumbini. Hata hivyo, watu waliokuwa wakicheka dakika chache kabla waliponyamaza wote kwa pamoja, nilihisi kana kwamba nayasikia kwa mara ya kwanza. Ukimya wa aina hiyo huwezi kuupata ukiwa peke yako sebuleni, hata runinga yako iwe kubwa kiasi gani.

Sidai kwamba kila filamu nzuri inapoteza kiasi hicho nyumbani. Yapo masimulizi ya watu wawili chumbani ambayo runinga huyatendea haki. Kinyume chake kuna "Playtime" ya mchekeshaji na mwongozaji wa Kifaransa Jacques Tati, ya mwaka 1967, iliyopigwa kwa mkanda wa milimita 70. Humo vichekesho hutokea pembeni na nyuma ya picha, viwili au vitatu kwa mara moja, na anayeitazama kwenye skrini ndogo anaweza kuimaliza akidhani kwamba hakuna kilichotokea.

Ushauri wa vitendo: keti mahali ambapo picha itakujaa machoni bila kukulazimisha kugeuza shingo. Picha ya filamu yako inakaribia umbo la mraba, kwa uwiano wa 1.37 kwa 1, kwa hiyo ni sawa kabisa skrini ikibaki nyeusi pande zote mbili. Ukiona imevutwa ili ijaze upana wote na watu wamekuwa wanene, inuka ukamwambie mwendeshaji wa projekta. Mumeo naye mwalike. Aketi karibu nawe hadi mapumziko, kisha aamue mwenyewe kama ataondoka.

SWALI: Ukumbi mmoja utaonyesha filamu ya zamani kwa mkanda wa milimita 35, na mwingine utaonyesha filamu hiyo hiyo kwa nakala ya kidijitali iliyokarabatiwa. Niende wapi?

JIBU: Mkanda ukiwa katika hali nzuri, nenda kwenye mkanda, kwa kuwa nafasi hiyo ni adimu. Mkanda hupita mbele ya taa ya projekta kwa kasi ya fremu 24 kila sekunde, na kila fremu inapobadilishwa kizibo huuzuia mwanga, hivyo kwa karibu nusu ya muda wa onyesho unakuwa gizani bila kujua. Picha inayopatikana ina mtetemo mwepesi ambao mimi naupenda sana. Utaona mikwaruzo, na kwenye pembe ya juu upande wa kulia utaona alama ndogo ya duara inayomwarifu mwendeshaji kwamba roli, yaani gurudumu la mkanda, inakaribia kwisha.

Nakala ya kidijitali nayo usiidharau, kwa maana zipo filamu ambazo bila ukarabati tusingezipata tena katika uzuri wake. Mwaka 1993 moto katika maabara moja ya London uliunguza negativu, yaani mikanda ya asili inayotolewa nakala, za filamu tatu za mwongozaji wa Kihindi Satyajit Ray zinazosimulia maisha ya kijana aitwaye Apu. Mafundi wa Bologna, Italia, waliilainisha mikanda iliyokakamaa, wakaitengeneza kwa mikono, na pale palipokuwa hapana la kuokoa wakatumia nakala nyingine zilizohifadhiwa. Mwaka 2015 filamu hizo zikarudi kwenye kumbi za sinema. Ninachokiogopa ni usafishaji wa kupita kiasi. Chembechembe zinazoonekana kwenye filamu ya nyeusi na nyeupe ni madini halisi ya fedha yaliyoguswa na mwanga siku ile ya kupigwa picha; fundi akizifuta zote, ngozi za waigizaji hugeuka kama nta. Kwa hiyo soma tangazo: likieleza aliyefanya ukarabati na nakala aliyoanzia, hiyo ni dalili njema.

SWALI: Mwanangu ana miaka tisa na hataki kusikia habari za filamu zisizo na rangi. Nianzie wapi?

JIBU: Anza na vichekesho vya enzi za filamu zisizo na sauti, hasa ukipata onyesho lenye mpiga muziki ukumbini. Katika "Steamboat Bill, Jr." ya mwaka 1928, ukuta wa mbele wa nyumba nzima unamwangukia mchekeshaji Buster Keaton, naye anabaki wima kwa sababu amesimama pale pale dirisha lililo wazi linapotua. Ukuta ulikuwa mzito kweli, na aliyesimama chini yake alikuwa Keaton mwenyewe. Usimweleze mtoto mapema kitakachotokea, na mkae safu za mbele kidogo, ili ukuta uwaangukie nyote wawili.