Ukialikwa homam ya mtoto India: niliyoyaona nikimuuguza mama Chennai

Kwetu homa ni ugonjwa. Sasa siku ile bibi mwenye nyumba tuliyopanga pale Chennai aliponiambia Jumatano kuna homam ya mjukuu wake, mi nilishtuka nikauliza amepata lini, mmempima malaria? Kumbe kwao, Wahindu, homam ni ibada ya moto, na hii yenyewe wanaiita Ayush homam, ya kumwombea mtu afya na umri mrefu, mtoto anafanyiwa akitimiza mwaka mmoja.

Naandika hii kwa sababu Watanzania tunaenda sana India kutibiwa, unapanga chumba kwa watu wiki sita au miezi miwili, mnazoeana, mwishowe unaalikwa na hujui ukae wapi wala ufanye nini.

Kwanza uliza tarehe vizuri. Wao hawafuati ile ya kwenye cheti cha kuzaliwa, wanahesabu kwa nyota iliyokuwa na mwezi siku mtoto alipozaliwa, na nyota zenyewe ziko 27. Mi nilibeba zawadi siku ambayo sio, nikakuta watu wanafua mashuka.

Pili mavazi. Vaa pamba. Gauni la nailoni na mtandio unaoning'inia karibu na moto ni hatari, mi nilivaa khanga na blauzi na bibi alifurahi mno. Viatu vinabaki mlangoni. Kama una pumu beba dawa yako ya kupuliza ukae dirishani, maana moto unawashwa ndani kwenye kishimo cha matofali, wanatia vijiti vya mti wa arasu, samli kijiko baada ya kijiko, wali, nafaka za aina 9, nyasi nyembamba zile kama za uwanja wa mpira, na kila wakitia wanasema "swaha", moshi unajaa nyumba mpaka macho yanatoka machozi. Mama sikumweka sebuleni kabisa, mgonjwa wa valvu ya moyo hakai kwenye moshi hata kama ni wa baraka, alikaa kibarazani akisikiliza.

Kitu kilichonigusa ni karafuu maiti. Sisi tunaijua kwenye msiba, kwenye sanda. Wao wanaiwasha kumwombea mtoto uhai, na ile harufu ilinirudisha kwenye mazishi ya baba nikiwa nimemshika mtoto wa watu mapajani, ikabidi nimrudishe kwa mama yake nitoke nje kidogo.

Huko nje ndo bibi alinifuata akanieleza ile dua wanayorudia, ya Mahamrityunjaya, iko kwenye Rigveda, kitabu chao kitakatifu, ni ya zamani sana. Anasema wanaomba watolewe kwenye kifo kama tango linavyoachia kikonyo chake. Nikamtafsiria mama, na mama ni mkulima, akaelewa kabla sijamaliza: tango likiiva linaachia lenyewe, bichi ndo mpaka ulivute. Kwa hiyo hawaombi kutokufa, wanaomba wasichumwe wakiwa wabichi! Mi nilikuwa nakaa usiku mzima namwomba Mungu mama asife, asife, na pale ndo nilipata maneno mengine ya kuomba.

Hiyo ibada hata wazee wanafanyiwa za kwao, ukifika 60 na ukifika 80. Ya 80 wanasema umeona mwezi mpevu mara 1000, na mi nilipiga hesabu kwenye simu, siku 29 na nusu mara elfu, ni kweli inakuja miaka 80 na kitu.

Sasa nisikilize hapa vizuri. Tarehe ya upasuaji ilivyosogezwa mara ya pili kuna mtu akanitumia meseji WhatsApp, sijui namba yangu aliipata wapi, anauza pakeji ya homam ya mgonjwa, dua mara 125,000, nilipe leo leo la sivyo nyota za mama zinakaa vibaya. Hela yenyewe ilikuwa karibu kodi yetu ya wiki tatu. Na nilikuwa nimeshafungua simu nilipe, hofu ya mgonjwa haina akili jamani. Bibi akaninyang'anya simu. Akasema padri wao, yule kuhani wa Kihindu anayeongoza homam, anajulikana, walikubaliana malipo mapema, na mjukuu chanjo zake zote kapata kabla ya homam. Mtu akikuharakisha kwa kukutisha na kifo cha mzazi wako, usimlipe, hata akiwa na picha ya hekalu. Hospitali kwanza, dawa kwanza.

Na imani yako iweke wazi mapema, hawachukii. Mi Mkristo, nilisema nitakaa na nitakula, na nikala kweli kwenye jani la mgomba, kwa mkono wa kulia, payasam, ule uji wao mtamu, nikaongezwa mara mbili. Padri aliuliza kama mama angependa jina lake litajwe, mama akakubali. Akaulizwa nyota yake. Mama hata siku aliyozaliwa haijui, ile ya pasipoti ni ya kukadiria. Padri akasema basi tutumie jina, linaanza na Ma, nyota yake ni Magam, na akalitaja pale pale pembeni ya moto, na mama kule kibarazani akajibu Amina kwa sauti.

Wiki iliyofuata akaingia chumba cha upasuaji. Yale majivu ya homam aliyopewa kwenye kikaratasi aliyaacha kwenye begi maana nesi hakuruhusu kitu, na alitoka salama. Sasa hivi yuko nyumbani, kila jioni anameza dawa ya kuzuia damu kuganda, saa 2 kamili, asipopokea simu yangu nampigia jirani.