Mtoto hapungui urefu: kumpima msichana wa miaka 4 darasani

Swali: Nafundisha shule ya watoto wadogo huku Kadutu, Bukavu. Nina msichana ambaye ametimiza miaka 4. Mwanzoni mwa mwezi nilimpima ukutani nikapata sm 95, wiki mbili baadaye nikapata 93. Tena hawezi kurukaruka kwa mguu mmoja. Je, amedumaa?

Jibu: Mama Mwalimu, asante kwa kurudia kipimo, wengi hawarudii. Mifupa ya mtoto hairudi nyuma, kwa hiyo kilichoteleza ni upimaji. Na sm 2 hizo ndizo zenye uzito wote: kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006, msichana wa miaka 4 kamili ana wastani wa sm 102.7, na mpaka wa kudumaa ni 94.1. Siku moja umemweka juu ya mpaka, siku nyingine chini yake. Usimwambie mama yake neno zito namna hiyo kabla ya kupima upya.

Mvue viatu, ufungue misuko iliyorundikwa utosini. Tafuta sakafu iliyo sawa. Visigino, matako, mabega na kisogo viguse ukuta, macho yatazame mbele, na mwenzako amshike magoti yasikunjike. Kichwani usiweke daftari, maana linapinda. Weka kipande cha ubao chenye pembe mraba, ukandamize mpaka nywele zilale. Pima mara mbili. Vikipishana zaidi ya sm 0.7, anza upya. Umri nao usome kwenye kadi ya kliniki, usiridhike na "anaingia wa nne": ukikosea miezi 6 tu, jibu lote linageuka.

Halafu subiri miezi mitatu, umpime tena. Rika hili huongeza kama nusu sentimita kwa mwezi, kiasi ambacho mkono wako unaweza kukikosea. Akibaki chini ya mpaka, mpeleke kituo cha afya. Lakini miguu ikivimba (bwaki, yaani utapiamlo mkali), au mkanda wa kupimia mzunguko wa mkono wa juu ukisoma chini ya mm 115, mpeleke siku hiyohiyo.

Kuruka kwa mguu mmoja wengi hukupata kati ya miaka 4 na 5, kwa hiyo bado ana muda. Mjaribu peku, mara tatu, kwa mchezo. Niliwahi kukaa na mtoto aliyekataa katakata kuruka mbele yangu. Dakika kumi baadaye nikamwona uani akiruka na dada yake. Kinachonitia wasiwasi ni kingine: anayepoteza alichokuwa anakiweza, anayeanguka ovyo, anayetumia upande mmoja tu, au anayeinuka sakafuni kwa kujishika mapaja kwa mikono. Huyo aonwe na daktari hata kama urefu wake ni mzuri.

Ukishapima, niandikie namba zote mbili pamoja na tarehe yake ya kuzaliwa.