Maswali yenu: kituo cha ajira kina vyumba vingi kuliko unavyoona mlangoni

Barua za safari hii nyingi zimetoka kwa wabeba boksi wa Marekani, na karibu zote zinaizunguka ofisi moja: kituo cha ajira cha eneo. Nimechagua tano.

Jirani yangu anasema kuna ofisi ya serikali inayomtafutia mtu kazi bila kumtoza hata senti. Mimi nimeshaliwa na ajenti mara moja, kwa hiyo naogopa. Kitu kama hicho kipo kweli? (Msomaji, Dallas)

Kipo, na ni cha zamani kuliko wengi wetu tunaosoma hapa. Sheria ya Wagner-Peyser iliianzisha huduma hiyo mwaka 1933, uchumi wa Marekani ulipokuwa umelala chali. Sheria inayoiongoza leo, ambayo watu huiita kwa kifupi WIOA, ilisainiwa mwaka 2014. Vituo vimepita 2,000 nchi nzima.

Kinachowapoteza watu ni majina. Jina la jumla ni American Job Center, lakini huko kwenu Texas kibao kitakuwa kimeandikwa Workforce Solutions. Ohio ni OhioMeansJobs, Minnesota ni CareerForce. Piga simu 1-877-872-5627, taja msimbo wako wa posta, utaelekezwa kilicho karibu. Ukifika ukadaiwa ada ya kujiandikisha, geuza, umekosea mlango.

Ila hapo kwenye "kumtafutia mtu kazi" jirani yako ametia chumvi. Hakuna mtu pale mwenye kazi mfukoni ya kukugawia. Wanakuonyesha nafasi zilizopo, wanakunoa kwa usaili, wanakukutanisha na mwajiri. Kuajiriwa kunabaki kati yako na yeye.

Nyumbani nilikuwa mhasibu kwa miaka 11. Hapa niko ghalani usiku. Nilikwenda kituoni mara moja, nikaonyeshwa kompyuta na printa, nikachapisha CV yangu nikaondoka. Sasa faida yake ni nini? (Msomaji, Columbus)

Ndugu yangu, uliishia sebuleni. Kompyuta, printa na orodha ya kazi ni kwa yeyote anayeingia, na wafanyakazi wa pale hawatakufuata kukuuliza kama unataka zaidi. Ndani kuna mshauri anayekufungulia faili, anapima ujuzi wako na kukaa nawe kuandika mpango wa kazi. Ndani zaidi kuna fedha za mafunzo. Hizo hazipitii mkononi mwako. Zinalipwa moja kwa moja kwa chuo, na chuo lazima kiwe kwenye orodha iliyoidhinishwa na jimbo, tena kwa fani inayohitajika katika eneo lako. Kiasi cha juu hupangwa na bodi ya eneo inayosimamia kituo, kwa hiyo uliza pale pale, usiamini alichopata binamu yako jimbo jingine.

Fungu la watu wazima lina foleni yake. Maveterani wa jeshi na wenza wao wanaotimiza masharti wana kipaumbele, kisha wanatazamwa wanaopokea msaada wa serikali, wenye kipato kidogo, na wenye upungufu katika kusoma, kuandika au hesabu. Anayejifunza Kiingereza anaweza kuhesabiwa katika hilo la mwisho. Kwa hiyo mshahara mdogo wa ghalani, ambao pengine unauonea aibu, ndio unaoweza kukusogeza mbele.

Rudi, na safari hii sema neno kwa neno: "Naomba kuonana na mshauri wa kazi wa WIOA." Beba kibali chako cha kufanya kazi, uthibitisho wa kipato na wa makazi.

Halafu kuna shimo ambalo wanaume wetu wengi hutumbukia. Kwa mwanaume aliyezaliwa baada ya mwaka 1959, WIOA inataka awe ametimiza sheria ya usajili wa jeshi, ile ya Selective Service. Sheria hiyo inawagusa hata wahamiaji wengi walio na umri wa miaka 18 hadi 25, si raia peke yao. Kama uliingia Marekani ukiwa umefikisha miaka 26, haikuhusu, lakini nenda na ushahidi wa tarehe uliyoingia, pasipoti yenye muhuri au fomu ya I-94. Kama uliingia mapema na hukujisajili, usijifiche. Mweleze mshauri kwamba hukujua. Upo utaratibu wa kujieleza kwa maandishi.

Na shahada yako? Ipeleke ikalinganishwe na ya Marekani kupitia kampuni iliyo mwanachama wa NACES, chama cha kampuni zinazotathmini vyeti vya nje. Bila karatasi hiyo, miaka yako 11 ni hadithi tu mbele ya mwajiri. Nikiri hapa kwamba nina donge langu. Nimekaa kwenye kiti hicho cha mteja, na kabla sijamaliza kutaja fani yangu nilishasukumiwa kipeperushi cha kozi ya CNA, yaani msaidizi wa muuguzi. Kuuguza wazee ni kazi ya heshima na imewasomesha watoto wengi nyumbani. Lakini kozi isichaguliwe kwa lafudhi yako. Mwambie mshauri unataka njia ya kurudi kwenye vitabu vya hesabu, hata kama ni kuanzia ukarani wa mishahara.

Nina kampuni ndogo ya kuhudumia wazee majumbani, wafanyakazi sita. Natangaza nafasi, wanakuja wanne, baada ya wiki mbili kabaki mmoja. Vituo hivi si vya waajiri wakubwa? (Dada mwenye kampuni, Minneapolis)

Hapana, dada. Vituo vinasimamiwa na bodi za eneo, na sheria inataka zaidi ya nusu ya wajumbe wa bodi wawe watu wa biashara, wadogo wakiwemo. Kwa kituo, wewe ni mteja kama alivyo mtafuta kazi. Kutangaza nafasi ni bure. Unaweza kuomba wakuchujie waombaji, na vituo vingi vitakupa chumba cha kufanyia usaili.

Lakini ningekuwa wewe ningeulizia kwanza mafunzo kazini. Unamwajiri mtu ambaye bado hajaiva, unamfundisha ukimlipa, na kituo kinakurudishia sehemu ya mshahara wake kwa kipindi cha mafunzo. Kwa kawaida ni hadi nusu, na bodi inaweza kuipandisha hadi asilimia 75. Mkataba husainiwa kabla mtu hajaanza. Ukimwajiri Jumatatu ukaenda kituoni Jumatano, umechelewa.

Ulizia pia dhamana ya uaminifu ya serikali, iliyoanza mwaka 1966. Ukimwajiri mtu aliyetoka jela, au yeyote mwenye doa linalowatisha waajiri, unapewa bima ya dola 5,000 kwa miezi sita ya mwanzo dhidi ya wizi na udanganyifu, bila malipo kwako wala kwake. Ila kwa kazi yako ya majumbani, angalia kwanza sheria za jimbo kuhusu nani anaruhusiwa kumhudumia mgonjwa.

Na hao watatu wanaokimbia? Hilo kituo hakitakutibia. Andika kwenye tangazo zamu zenyewe, umbali, kama gari ni lazima, na mshahara kwa tarakimu. Tangazo lenye "mshahara mzuri" huvuta watu wa wiki mbili.

Kiwandani kwetu tumetangaziwa kwamba watafunga. Mimi na mke wangu tuko hapo hapo wote. Tungoje siku ya mwisho ndipo twende kituoni? (Baba wa watoto watatu, Louisville)

Pole sana, kaka. Msingoje. Kwa sheria ya mwaka 1988, kampuni yenye wafanyakazi 100 au zaidi inayofunga kiwanda kwa kawaida hutakiwa kutoa notisi ya maandishi ya siku 60, na jimbo pia huarifiwa. Jimbo likishapata habari, hutuma kikosi cha kuwasaidia wafanyakazi, mara nyingi kinakuja kiwandani kwenyewe. Nendeni kwenye mkutano huo nyote wawili, hata kama wenzenu wanasema ni porojo.

Tunzeni ile barua ya notisi. Aliyepewa notisi anaweza kuhesabiwa kama aliyepoteza kazi hata kabla hajaondoka, na watu hao wana fungu lao la mafunzo, tofauti na lile la mhasibu wetu hapo juu.

Mafao ya kukosa kazi ombeni wiki ile ile ya kwanza mkiwa nje, kila mtu ombi lake. Kisha mweke kumbukumbu ya kila mahali mnapoomba kazi: tarehe, kampuni, jibu. Mtaulizwa.

Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Nitaenda kufanya nini huko? (Mama, Phoenix)

Nenda, mama, uombe mkalimani wa Kiswahili. Ni bure, na vituo vinavyopokea fedha za serikali kuu haviruhusiwi kisheria kukubagua kwa asili yako. Piga simu siku chache kabla ili mkalimani apangwe, mara nyingi kwa njia ya simu. Mtoto mwache shule. Kutafsiri habari za kipato cha mama yake si kazi yake. Ukiwa pale, waulize madarasa ya Kiingereza ya watu wazima yako wapi na yanaanza lini.